Wanauziwa vidonge vya "kuondoa aseniki kwenye moyo" hapa Nzega: tuongee kuhusu maji, lishe na mishipa

KisimaKirefu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi wa pampu za visima hapa Nzega. Nazunguka vijiji vya wilaya hii, nikipata kazi Igunga au Uyui naenda pia. Juzi nimeitwa na kikundi kimoja cha akina mama cha kuweka na kukopa, pampu yao ya mkono ilikuwa inavuta hewa tupu. Nafika nakuta mgeni kakaa chini ya mwembe na begi la vidonge. Anawaambia hivi: visima vya ukanda wa dhahabu vina aseniki, aseniki inaua moyo, na kinga yake ni vidonge vyake vya antioksidanti. Kopo elfu sitini, unameza miezi mitatu bila kukatisha. Mama mmoja alikuwa ameshafungua fundo la khanga anahesabu.

Kampuni siitaji, na nawaomba na ninyi msiitaje. Kilichonikera ni kwamba nusu ya maneno ya yule bwana ni kweli. Aseniki kwenye maji ipo duniani, moyo inauharibu kweli, na chakula kina nafasi yake. Ukimwambia mama yule "huyu ni tapeli" unakuwa umesema kidogo tu, kesho anakuja mwingine na begi jingine. Kwa hiyo nafungua uzi, naweka ninachokijua, wenye taaluma ya tiba na lishe wajazie.

Nianze na aseniki yenyewe. Ni sumu inayotoka kwenye miamba. Mkanda wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa hauishii Geita na Mara, unashuka mpaka huku kwetu, na ndiyo maana pale Lusu palikuwa na mgodi mkubwa wa Golden Pride. Kwenye miamba ya namna hii dhahabu mara nyingi hukaa pamoja na pairaiti na asenopairaiti, jiwe lenye chuma, salfa na aseniki ndani yake. Wachimbaji wanalifahamu: lina rangi ya fedha, ukiligonga kwa nyundo au ukilipasha moto linatoa harufu ya kitunguu saumu. Likiwa limetulia chini halisumbui sana. Likipandishwa juu, likapita kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe), marudio (mabaki ya mawe yaliyosagwa) yakaachwa yapigwe jua na mvua miaka na miaka, hewa na maji vinalila taratibu na aseniki inatoka. Na hata pasipo na mgodi, maji ya chini yanayokaa muda mrefu kwenye mwamba wenye madini hayo yanaweza kuichukua.

Kwenye maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu sisi huku maji tunayapima kwa ulimi. Kisima chenye chumvichumvi tunakikataa, kile kitamu tunakiita kizuri na tunachota mpaka cha kupikia.

Kuchemsha hakusaidii, tena maji yanapungua kwa mvuke na aseniki inabaki ileile, kwa hiyo inazidi. Dawa ya klorini inaua vijidudu, aseniki haiondoi. Mkaa na kitambaa vivyo hivyo.

Kiwango cha juu kinachokubalika kwa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) nao wako hapohapo. Zamani ilikuwa 50, WHO wakaishusha mwaka 1993.

Narudia ili mtu asinibebee uzi vibaya: hili si tangazo kwamba visima vya Nzega vina sumu. Kila kisima kina habari yake, hata viwili vilivyoachana hatua chache.

ChaiYaRangi

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Ila mkuu isije ikafika ukurasa wa tatu ukatuambia na wewe una filta unauza 😂

KisimaKirefu

Nauza kazi ya mikono tu. Washa za pampu na bomba unanunua mwenyewe dukani.

MtuWaUrambo

Mkuu umeandika vizuri lakini ngoja nikupinge kidogo. Marehemu babu yangu alikunywa maji ya kisima cha mbugani maisha yake yote, kisima cha kuchimba kwa jembe, na alizeeka mpaka akasahau majina yetu. Baba yangu sasa hivi analima tumbaku, anavuta tumbaku, na baiskeli anapanda. Hizi habari za maji kuua moyo tunazisikia leo kwa sababu kuna mtu anataka kuuza kitu. Nani kafa kwa aseniki hapa Tabora?

KisimaKirefu

Swali zuri, na jibu lake lina sehemu mbili.

Kwanza, mtu hafi na cheti kimeandikwa "aseniki". Anakufa kwa mshtuko wa moyo, kwa kiharusi, kwa saratani ya mapafu au kibofu. Huwezi kumtazama marehemu mmoja ukajua. Inabidi ufuatilie maelfu ya watu, ujue kila mmoja anachota kisima gani na kina kiasi gani, halafu usubiri miaka.

Hicho ndicho kilichofanyika Bangladesh. Miaka ya 1970 watoto walikuwa wanaisha kwa kuhara kwa sababu ya maji ya mabwawa, wakahimizwa kuchimba visima vifupi vya bomba. Vikachimbwa mamilioni. Kuhara kukapungua, kila mtu akashangilia, mpaka mwaka 1993 ilipogundulika kuna aseniki kwenye visima vile vile vilivyoletwa kuwaokoa. Mamilioni ya watu walikuwa wanakunywa maji yaliyozidi kiwango. Mwaka 2000 watafiti wakaanza kufuatilia watu karibu elfu 12 katika eneo la Araihazar. Matokeo yalichapishwa 2011 kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ: waliokuwa kwenye robo ya juu, wale wa visima vyenye zaidi ya mikrogramu 148, walikufa kwa magonjwa ya moyo karibu mara mbili ya wale wa robo ya chini.

Sasa sikiliza hili, MtuWaUrambo, maana linamhusu mzee. Waliokuwa wanakunywa maji yenye aseniki NA wanavuta sigara, hatari yao ilizidi jumla ya hatari hizo mbili ukizihesabu mojamoja. Zilikuwa zinaongezana nguvu. Sisi mkoa wetu ni wa tumbaku, Urambo, Kaliua, Sikonge, kila nyumba ina mvutaji. Kama kuna mahali pa kuogopa mchanganyiko huo ni hapa.

Chile nako. Mji wa Antofagasta mwaka 1958 ulibadilishiwa chanzo cha maji, ukaletewa maji ya mto kutoka milimani yenye zaidi ya mikrogramu 800. Waliyanywa mpaka 1970 ulipojengwa mtambo wa kuyasafisha. Vifo vya mshtuko wa moyo vilipanda kwanza, watu wakiwa bado wanakunywa, hata wenye umri mdogo. Baada ya mtambo vikaanza kushuka. Saratani za mapafu na kibofu zenyewe ziliendelea kujitokeza miaka mingi baadaye. Kwa lugha ya fundi: moyo ndio uliotangulia kulalamika, na ndio uliotangulia kupata nafuu maji yalipobadilishwa.

MtuWaUrambo

Nimekuelewa. La sigara sikulijua. Mzee kumwachisha ni kazi nyingine lakini.

Kijana wa Mwalo

Naam, hilo jiwe la kitunguu saumu nalijua vizuri sana, sisi tukiliona tunafurahi maana dhahabu iko karibu. Tunalisaga, tunaosha kwenye mwalo, marudio tunayauza kwa wenye plant. Swali langu: kisima chetu pale duarani (kwenye mashimo ya kuchimbia) kiko bondeni, chini kabisa ya rundo la marudio. Tunakunywa hayo hayo. Zebaki tunaambiwa kila siku, aseniki sijawahi kusikia kwenye semina hata moja.

KisimaKirefu

Mdogo wangu, kisima kilicho bondeni chini ya marudio usikinywe hata bila kipimo. Tafuta maji mengine ya kunywa leo hii, ya bomba au ya mvua, na hicho mkitumie kuoshea mawe. Mkioga na kufulia haina shida kubwa kama kunywa na kupikia.

Nesi Mstaafu

Habari zenu wanangu. Nimefanya kazi zahanati na hospitali za mkoa huu mpaka nilipostaafu, naomba nichangie upande wa mwili kabla hamjafika kwenye vidonge.

Mishipa ya damu ndani ina utando laini sana. Utando huo hutengeneza hewa iitwayo nitriki oksaidi ambayo kazi yake ni kuulegeza mshipa upanuke. Aseniki inapoingia mwilini inashika protini zenye salfa na kuzivuruga, inazalisha chembechembe kali zinazounguza seli, na nitriki oksaidi inapungua. Mshipa unakaza, presha inapanda, mafuta ya kolesteroli yanayopita yanaunguzwa na kuanza kuganda ukutani. Taiwan, pwani ya kusini magharibi, watu waliokuwa wakinywa maji ya visima virefu vyenye aseniki walipata ugonjwa wa miguu kuwa myeusi. Mishipa ya miguu iliziba, vidole vikafa, wengine wakakatwa.

Mwili una askari wake wa kuzizima hizo chembechembe, mkubwa wao anaitwa glutathioni. Vitamini C, vitamini E, karotini ile ya kwenye vyakula vya rangi ya chungwa, na madini ya seleniamu, vyote vinasaidia kazi hiyohiyo. Ndiyo hizo antioksidanti. Kwa hiyo muuza vidonge hajatunga. Amechukua somo la kweli la darasani akaliwekea bei.

Lakini kuna njia nyingine ambayo yeye hakuisema, na mimi naiona kubwa zaidi. Ini linaibadilisha aseniki ili itoke kwa mkojo. Kwa kazi hiyo linahitaji foleti (aina ya vitamini B, ya vidonge inaitwa foliki asidi), vitamini B12 na protini ya kutosha. Mtu anayekula ugali na mlenda mtupu, foleti yake ikiwa chini, anaibakiza sumu mwilini muda mrefu kuliko jirani yake anayechota kisima kilekile. Bangladesh walijaribu: watu wazima wenye upungufu wa foleti walipewa vidonge vya foliki asidi mikrogramu 400 kwa siku kwa wiki 12, aseniki kwenye damu ikapungua kama asilimia 14. Foliki ni vidonge vya bei rahisi, ndivyo tunavyowapa wajawazito kliniki pamoja na madini chuma.

ChaiYaRangi

Kumbe! Basi si wampe yule mama foliki badala ya kopo la elfu sitini?

Nesi Mstaafu

Mwanangu, asilimia 14 ni kidogo. Kama kisima kina mikrogramu 200, ukipunguza asilimia 14 bado umebaki pabaya mno. Foleti inamsaidia mtu aliyepungukiwa. Maji mabaya haiyafanyi kuwa mazuri.

Mama Nsansa

Asante mama kwa somo. Mimi napika, sayansi siiwezi, nataka kujua jikoni nifanye nini. Huku kwetu mboga ni nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa), mlenda, kisamvu, matembele, majani ya maboga. Karanga tunalima wenyewe. Nyama ni mpaka sikukuu. Je hiyo foleti iko wapi humo?

Nesi Mstaafu

Dada yangu, uko vizuri kuliko unavyodhani. Majani ya kunde, matembele, mchicha, maharage, choroko na karanga vyote vina foleti. Tatizo letu liko kwenye kupika. Tunachemsha mboga mpaka inalala, tunamwaga maji, na foleti inaondoka na yale maji. Chemsha kwa maji kidogo, usimwage, tia karanga za kusaga mwisho. Mafuta ya karanga yanasaidia mwili kuichukua karotini ya kwenye majani, na vitamini E iko humohumo kwenye karanga.

Nsansa ni mboga ya kiangazi na siwezi kukuambia uiache, ila tunaianika vibaya. Jua kali linaunguza karotini na vitamini C. Anika kivulini penye upepo, juu ya chanja, majani yabaki na ukijani. Yakitoka ya kahawia umeanika nyasi.

Viazi vya rangi ya chungwa lima hata matuta machache. Michembe na matobolwa (viazi vilivyokaushwa) ya viazi vyeupe vinashibisha lakini karotini hakuna. Embe tunazo mpaka zinaoza barabarani msimu ukifika, na ubuyu una vitamini C kuzidi chungwa kwa uzito uleule. Karanga zenye ukungu tupa, usimpe hata kuku. Sumukuvu inaharibu ini, na ini ndilo tunalolitegemea hapa.

Ujiji Kwetu

Nasoma kimya tangu jana. Sasa kama ni karotini, vitamini E na seleniamu, basi sisi wa mwisho wa reli tumeshamaliza mtihani zamani 😄 Mawese ya Kigoma mekundu yana karotini mpaka yanapaka sahani rangi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ndio hao. Ninyi wa Tabora mje mnunue stesheni, muache kununua makopo.

Utani pembeni, mawese ni antioksidanti au ni mafuta mabaya ya moyo? Maana hospitali mzee wangu aliambiwa ayaache kwa sababu ya presha.

Nesi Mstaafu

Yote mawili. Kilo moja ya mawese mekundu mabichi ina miligramu 500 hadi 700 za karotini, na vitamini E ya kutosha. Pia karibu nusu ya mafuta yake ni mafuta mazito, yale yanayopandisha kolesteroli. Kijiko kimoja kwenye sufuria ya mboga ya familia ni sawa kabisa, tena kwa mtoto mwenye upungufu wa vitamini A ni jambo jema. Kukaangia mihogo kila siku kwenye karai la mawese ni habari nyingine.

Na kuna mchezo mnaoufanya Kigoma na Tabora pia tumeuiga: kuyachoma mawese kwenye moto mpaka yawe meupe ili harufu iishe. Hapo karotini yote mmeichoma, yamebaki mafuta mazito peke yake. Mmelipia dawa mkabakiza sumu.

Mzee wa presha amsikilize daktari wake.

Ujiji Kwetu

Duh. Mke wangu anayachoma hivyohivyo. Nitamwonyesha hapa lakini sijui kama nitakula leo.

Na dagaa?

Nesi Mstaafu

Dagaa wana protini, B12 na seleniamu, vyote vinahitajika kwenye hii kazi. Osha chumvi na mchanga. Seleniamu kwenye chakula haina ubaya. Ya vidonge ikizidi ni sumu, nywele na kucha zinang'oka, kwa hiyo msikimbilie.

KisimaKirefu

Sasa nije kwenye makopo, maana nimeulizwa faragha na watu kadhaa: "kama antioksidanti ni nzuri, kwa nini vidonge visiwe vizuri?"

Swali hilo lilijibiwa kwa pesa nyingi sana. Uingereza walichukua watu 20,536 wenye hatari ya ugonjwa wa moyo, nusu wakapewa kila siku vitamini E miligramu 600, vitamini C miligramu 250 na beta-karotini miligramu 20, nusu wakapewa vidonge vitupu. Miaka mitano. Matokeo yakatoka 2002: mshtuko wa moyo, kiharusi, vifo, hakuna tofauti. Utafiti mwingine mkubwa, HOPE, wa mwaka 2000, ulitoa vitamini E peke yake kwa watu zaidi ya elfu tisa. Hakuna kitu.

Finland ndiko kulikotisha. Wanaume wavutaji sigara 29,133, baadhi wakapewa beta-karotini ya vidonge wakitegemea itawakinga na saratani ya mapafu. Mwaka 1994 matokeo yalionyesha waliokunywa beta-karotini walipata saratani ya mapafu asilimia 18 ZAIDI. Marekani walikuwa na utafiti kama huo, wakausimamisha kabla ya muda.

Kwa hiyo yule bwana akimuuzia mzee mvutaji wa Urambo kopo la beta-karotini, anamchukulia elfu sitini na kumwongezea hatari. Embe na matembele havijawahi kufanya hivyo kwa mtu.

Na kwa wenye aseniki hasa, Bangladesh walifanya jaribio la vitamini E na seleniamu kwa watu elfu saba ambao ngozi zao tayari zilikuwa na alama za aseniki. Lengo lilikuwa kuzuia saratani ya ngozi. Mimi sijaona matokeo yake yakionyesha ushindi.

Mimi nikiangalia haya yote kwa jicho la fundi: ngozi ya pampu ikikakamaa kwa sababu kisima kinavuta mchanga, unaweza kuipaka mafuta kila wiki ukipenda, mchanga bado unapanda. Wao Bangladesh kilichowasaidia haraka kilikuwa rahisi mno. Walipima karibu visima milioni tano, kila pampu ikapakwa rangi, nyekundu usinywe, kijani kunywa. Familia zikahamia kwa jirani mwenye kijani. Aseniki nyingi inatoka kwa mkojo ndani ya siku chache ukiacha kuiingiza.

ChaiYaRangi

Hapo kwenye Finland nimeshtuka. Bi mkubwa wangu ana kopo kama hilo juu ya kabati, na baba anavuta. Naliondoa leo.

MtuWaUrambo

Na alama za ngozi ni zipi? Mjomba wangu ana viganja vigumu kama… basi tu, vigumu.

Nesi Mstaafu

Mjomba analima? Mkulima wa jembe viganja lazima viwe vigumu. Ya aseniki ni vijipunje vigumu vidogovidogo kwenye viganja NA nyayo, vya pande zote mbili, na kwenye kifua au mgongo madoa meusi na meupe yametapakaa kana kwamba mtu amenyunyiziwa. Huja baada ya miaka ya kunywa. Akiwa navyo aende hospitali aseme wazi anachota wapi. Meno ya kahawia ni floraidi, hilo ni tatizo jingine la maji yetu huku Igunga mpaka Shinyanga na Singida, msichanganye.

Ila wanangu, niseme jambo ambalo pengine halitapendwa. Nimesoma uzi mzima, mmeulizia aseniki, mawese, makopo. Hakuna hata mmoja aliyeandika presha yake ni ngapi. Nimeona kiharusi cha kutosha wodini, na wengi waliletwa hawajawahi kufungwa kile kitambaa mkononi hata siku moja. Chumvi ya mezani, sigara, pombe, presha isiyopimwa, hivi vinaua moyo Tabora leo bila kusubiri kipimo cha maji. Mwenye miaka 40 kwenda juu apime. Halafu turudi kwenye visima.

Kijana wa Mwalo

Mimi nimepimwa kwenye semina, 118 kwa 76 😎

Fundi, nimesikia ukiweka misumari ya kutu kwenye ndoo ya mchanga inatoa aseniki. Ni kweli au ni yale yale?

KisimaKirefu

Ni kweli kwa kiasi. Kutu ya chuma inaishika aseniki. Nepal wanazo filta za namna hiyo, chombo cha mchanga na changarawe, juu kuna tandiko la misumari ya chuma isiyopakwa zinki na vipande vya matofali ili maji yasipige shimo. Misumari inashika kutu, maji yanapita, aseniki inaganda kwenye kutu, kutu inanaswa na mchanga. Bangladesh wana ile ya SONO inayotumia vipande vya chuma kwenye ndoo.

Shida ni kwamba ufanisi wake unategemea maji yako. Fosfeti ikiwa nyingi inagombania nafasi na aseniki, maji yakipita haraka hayasafishiki. Ukiijenga bila kupima maji yanayoingia na yanayotoka, unakunywa kwa imani. Kisima kikiwa na mbadala karibu, hamia kwenye mbadala, achana na misumari.

Mbadala tunao. Maji ya Ziwa Victoria yameshafika Nzega, Igunga na Tabora mjini, penye kioski chake chota cha kunywa na kupikia hapo. Kwa kijijini kusikofika bomba, mabati. Nyumba ya mita 6 kwa 8, mvua ya milimita 10 tu inakupa karibu lita 480, ukitoa za kwanza za kusafisha paa na zinazomwagika bado unajaza madumu ya kutosha. Mvua ya masika mzima ukiwa na tenki unafika kiangazi na maji ya kunywa. Tibu kwa klorini au chemsha, maana ndege wanakaa juu ya paa.

Mama Nsansa

Na kupima ni wapi? Tukienda RUWASA (wakala wa maji vijijini) watatupimia hiyo aseniki, au watapima chumvi tu?

KisimaKirefu

Nenda RUWASA wilayani, sema unataka kipimo cha aseniki, itaje kwa jina. Vipimo vya kawaida ni pH, chumvi, floraidi na vijidudu. Usipoitaja unaweza kurudi na karatasi nzuri ambayo haikuigusa kabisa. Maabara za ubora wa maji ziko chini ya Wizara ya Maji, Mwanza ipo, na Mkemia Mkuu wa Serikali naye ana ofisi Kanda ya Ziwa hapohapo Mwanza. Ulizeni gharama kabla, mchange kwa kisima. Kisima kimoja kinahudumia kaya nyingi, mkigawana haimuumizi mtu.

Kuna pia vipimo vya papo kwa papo. Unatia maji kwenye kichupa, unaongeza unga wa asidi na unga wa zinki, unafunika na kifuniko chenye kikaratasi. Hewa inayotoka inakipaka rangi, kutoka nyeupe kwenda manjano mpaka kahawia, unalinganisha na chati. Kinatosha kukuonyesha 100 au 200. Kwenye 10 macho yanadanganya, hapo peleka maabara. Na fanya nje penye upepo, ile hewa yenyewe ni sumu.

Mama Nsansa

Kikundi chetu kina visima vitatu. Tuanze na kipi?

KisimaKirefu

Anza na kilicho karibu na mashimo au marudio, halafu kirefu zaidi, halafu kinachotumiwa na watu wengi. Pampu dakika tano maji yaliyolala kwenye bomba yatoke, ndipo uchote. Chupa uiombe maabara yenyewe, wao huitia tone la asidi ili aseniki isigande ukutani njiani, usiioshe. Andika jina la kisima, kijiji, tarehe na saa juu ya chupa, usiandike kwenye kifuniko, vifuniko huchanganyika.

Ujiji Kwetu

Nikipita na treni kuja Tabora nawaletea dumu la mawese, mekundu, hayajachomwa. Mama Nsansa nichekie inbox, mimi nataka karanga.

Mama Nsansa

Karanga zipo, debe. Fundi, Alhamisi tunakutana kikundi, uje wewe mwenyewe uwaeleze haya, mimi wakinisikia wanasema nimesoma kwenye simu. Na yule wa begi amesema Alhamisi anarudi.

KisimaKirefu

Nakuja saa nane, nikitoka kwenye kazi ya Puge. Mwambie yule mama wa kopo asilifungue, anaweza kudai hela yake.